Teke la Afisa Halipimi Ukingo wa Daraja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ila taarifa yako ya wiki iliyopita kuhusu daraja lililokarabatiwa kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen, pamoja na ile picha ya afisa akiupiga teke ukingo mpya kuonyesha kwamba ni "imara kabisa", imenikwama kooni.

Ukingo wa daraja haupimwi kwa kiatu. Katika kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1317, ukingo wa kiwango cha H2 hugongeshwa basi la tani 13 linalokwenda kilomita 70 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 20, na ukingo wa aina hiyo hiyo hugongeshwa pia gari dogo la kilo 900 kwa kilomita 100. Magari ni mawili kwa sababu ukingo una kazi mbili zinazogombana: uwe mgumu kiasi cha kulizuia basi lisitumbukie, na uwe laini kiasi cha kutomuua mwenye gari dogo. Gari linatakiwa lirudi barabarani bila kupinduka, na vipande vya ukingo visipenye ndani walimoketi watu. Wamarekani nao, katika kanuni yao ya MASH ya mwaka 2009, wana jaribio la lori la tani 10 kwa kilomita 90. Teke sikuliona popote.

Nisidhaniwe kuwa nasema ya vitabuni tu. Nimeendesha malori ya chumvi ya Gongoni kwa miaka 22, na najua trela lililojaa linavyosukuma likiwa kwenye mteremko. Mwaka juzi nilikuwa abiria katika matatu iliyobanwa na trela kwenye daraja hilo hilo. Dereva wetu akakwepa, na gurudumu la mbele la kushoto likauparamia ukingo. Mwendo wetu haukufika kilomita 30. Nguzo tatu zikalala upande wa mto kama magugu yaliyokanyagwa na kiboko, na kilichotuokoa ni tumbo la matatu kukwama juu ya kizingiti cha zege, huku sisi wa viti vya mbele tukiyatazama maji mekundu chini yetu na mama mmoja nyuma yangu akisoma shahada kwa sauti. Tulipokwisha kuvutwa nilizikagua nguzo zile. Kila moja ilikuwa na matundu manne ya bolti. Iliyokuwa mbele yangu ilishikwa na bolti mbili, na moja kati ya hizo niliivunja kwa mkono, kama mtu anayemenya muhogo wa kuchemsha. Niliifunga katika kitambaa nikaipeleka kwenye ofisi moja inayohusika. Kijana aliyenipokea akaipima kiganjani, akaniambia, "Mzee, hii imeliwa na chumvi ya pwani, ni kawaida." Nikamjibu, "Na sisi, mwanangu, tungeliwa na mamba, ambayo pia ni kawaida." Miezi miwili baadaye nguzo zilisimamishwa tena, zikapakwa rangi nyeupe na nyeusi.

Hapo sijawataja wezi wa vyuma. Biashara ya vyuma chakavu ilipopigwa marufuku Januari 2022, huku kwetu tulipumua. Marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo huo, na misumeno ikarudi kazini. Kinachokatwa sana ni kile kipande cha kuingilia darajani, ambacho kazi yake ni kuliongoza gari taratibu kutoka kwenye chuma kinachopinda hadi kwenye ukingo usiopinda. Kikishaondoka, kichwa cha zege hubaki wazi kikiwasubiri wanaokuja, na atakayekigonga usiku hatapata hata nafasi ya kutumbukia mtoni.

Ninalo pendekezo. Siku ya kulifungua daraja hili rasmi, utepe usifungwe katikati ya barabara, ufungwe kwenye ukingo. Litafutwe lori kuukuu la Marereni, lipakiwe chumvi mbichi hadi lifike tani 13, livutwe kwa kamba bila dereva, liupige ukingo kwa kilomita 70 na nyuzi 20. Afisa wa kwenye picha asimame upande wa mto, nyuma ya nguzo aliyoipiga teke. Bolti yangu bado ninayo nyumbani, na nitaileta siku hiyo ili ailinganishe na zake.

Dereva mstaafu,
Mambrui