Barua kwa mpwa wangu aliyeniuliza nani alijenga piramidi

Mpwa wangu,

Ile video uliyonitumia juzi usiku, inayodai kwamba piramidi za Misri zilijengwa na viumbe kutoka nyota za mbali, nimeitazama yote, hata pale msimulizi alipoanza kunong'ona ili tuogope. Chini yake uliandika: "Mjomba, binadamu wa kawaida wangewezaje?" Nilitaka kukujibu kwa sentensi mbili, nikashindwa. Ndiyo maana nakuandikia barua, tena hadharani, maana najua si wewe peke yako uliyenong'onezwa.

Nikujulishe kwanza kwa mtu anayeitwa Merer. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, Misri, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, watafiti walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walifukua vipande vya mafunjo, yaani karatasi ya kale ya matete, vyenye maandishi, ambavyo ni miongoni mwa vya kale kabisa kupata kuonekana. Humo mna kumbukumbu za kazi. Merer alisimamia kikosi cha watu kama 40. Walipakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura na kuyasafirisha kwa mashua hadi Giza, wakati farao Khufu akijengewa piramidi yake kubwa. Yeye anaandika siku baada ya siku: walipolala, walipopakia, walipong'oa nanga. Hutakuta muujiza hata mmoja. Ni mtu anajaza daftari la kazi, na ukisoma unahisi kabisa kwamba anajua kuna mkubwa wake atakayelikagua.

Zaidi ya miaka 4,500 imepita, na kusema kweli daftari hilo linanisisimua kuliko piramidi yenyewe. Mbele ya jengo la mawe yanayokadiriwa kufika milioni 2.3, mtu hujiona sisimizi, akaanza kutafuta majitu ya kuyabebesha kazi ile. Nikimkumbuka Merer, majitu hayo yanatoweka.

Na hayuko peke yake. Karibu na piramidi umefukuliwa mji wa wafanyakazi wenye matanuri ya mikate na mifupa tele ya ng'ombe walioliwa. Makaburi ya wajenzi nayo yaligunduliwa mwaka 1990, farasi alipojikwaa kwenye ukuta uliofukiwa na mchanga. Vikosi vyenyewe viliacha majina yao yamepakwa rangi juu ya mawe. Kimoja kilijiita Marafiki wa Khufu. Kingine, kwenye piramidi ya farao mwingine, Menkaure, kilijiita Walevi wa Menkaure. Hebu niambie, viumbe waliovuka nyota zote hizo wangejiita walevi?

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma katika ile video. Swali la "wangewezaje" lina historia, na historia yake si safi. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale katika nchi ya Zimbabwe ya leo, akazikuta kuta za graniti zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila kitu cha kuzishikiza, nyingine zikifika mita 11 kwenda juu. Alikata kipande cha mti uliokuwa juu ya mlango, akaona unafanana na mbao ya penseli yake. Basi, akasema, huu ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo aliyejenga ni Malkia wa Sheba! Penseli moja ikatosha kuwanyang'anya watu mji wao.

Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba hapo na kusema wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 mwenzake Gertrude Caton-Thompson akathibitisha hivyo hivyo. Lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, haikutaka kusikia, na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake aliihama nchi kwa sababu alikataa kupindisha ukweli huo. Kuna madhara ambayo hayarekebishiki: mwanzoni mwa karne ya 20, Richard Hall, aliyepewa kazi ya kuyatunza magofu, aliondoa tabaka za udongo akidhani ni takataka za Waafrika waliokuja baadaye, kumbe alikuwa anatupa ushahidi wenyewe. Kwa hiyo nikisikia mtu anashangaa kwamba "watu wale" wasingeweza, huwa nauliza kwanza, watu gani hasa?

Usije ukadhani nataka kukunyima mafumbo. Mafumbo yapo, tena mazito kuliko ya msimulizi wako. Mihuri ya kale ya Bonde la Indus, huko Pakistan na India, ina maandishi mafupi mafupi, kwa wastani alama tano tu, na mpaka leo hakuna usomaji uliokubalika. Ila linaloninyima usingizi mimi ni la Meroe, mji wa kale wa kifalme kule Sudan, nchi yenye piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko za Misri.

Watu wa Meroe walikuwa na mwandiko wao wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Francis Llewellyn Griffith aling'amua sauti za alama zake, kwa hiyo tunaweza kuyatamka maandishi yao. Maana yake, kwa sehemu kubwa, hatuijui. Ni kama kusikia watu wakizungumza nyuma ya ukuta: sauti unaipata vizuri, habari huipati. Wataalamu wameihusisha lugha hiyo na jamaa ya Kinubi na wanasonga mbele neno kwa neno, kwa kuwa bado halijapatikana jiwe refu lenye maneno yale yale kwa Kimeroe na kwa lugha tunayoielewa.

Lakini kwenye mawe ya makaburi yao kuna dua inayojirudia, nayo imefumbuliwa. Ato ni maji. At ni mkate. Marehemu anaombewa anywe maji tele, ale mkate tele.

Leo usiku, kabla hujafungua video nyingine, yatamke maneno hayo mawili kwa sauti, halafu uniandikie umesikia nini.

Mjomba wako