Zege si kosa lake

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeyaita majengo ya zege tupu "makaburi" amenichokoza. Mimi ni fundi zege. Atazame Park Hill, jengo kubwa la zege la nyumba za kupanga mjini Sheffield, Uingereza. Lilifunguliwa 1961, na vibaraza vyake ni vipana kiasi kwamba kigari cha maziwa kiliweza kupita ghorofani. Zege lisilopigwa lipu halimfichi fundi: mshono, alama ya kifundo cha ubao uliolishikilia zege likiwa bichi, hata uzembe, vyote huonekana. Maji yakipenya, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua. Hapo dawa ni ukarabati, si kubomoa. Park Hill yenyewe inalindwa kisheria tangu 1998. Kinachonikera mimi ni kwamba ukarabati ulipokuja huko, wapangaji wa zamani walihamishwa na nyumba nyingi zikauzwa.

Fundi zege mstaafu