Ijumaa mko wangapi?

Mwanangu,

Barua hii anakuletea mtoto wa jirani, yule anayerudi chuoni Jumanne. Nimempa mkononi kwa sababu sikutaka kuyasema haya kwenye simu, na wewe kwenye simu una haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sisi wazima. Mguu wa bibi yako umepungua kuvimba. Baba yako anakusalimu, ila hajauliza unasoma nini, unamjua.

Uliniambia kila Ijumaa mnakutana chumbani kwa mwenzenu, mnasoma na kubishana mpaka usiku. Ukacheka: "Mama, kama akina Petrashevsky." Mimi sikucheka. Mko wangapi? Na yupi kati yenu habishani?

Petrashevsky wa St Petersburg, Urusi ya miaka ya 1840, naye siku yake ilikuwa Ijumaa. Watu walikwenda kwake kuzungumza habari za wakulima waliomilikiwa kama ng'ombe, za mahakama, za vitabu vya Wafaransa. Mwanzoni mwa 1849 akaongezeka kijana mmoja, Antonelli, aliyefanya kazi wizara moja na mwenyeji. Alikuwa amepachikwa pale na Liprandi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na yaliyosemwa aliyapeleka yameandikwa. Tarehe 15 Aprili, kwa kalenda yao ya zamani, Dostoevsky, mwandishi kijana, akawasomea barua ambayo mhakiki Belinsky alimwandikia mwandishi Gogol. Antonelli akaripoti kwamba wasikilizaji walikuwa kama waliopitiwa na umeme. Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia alfajiri, askari wakamwamsha Dostoevsky kitandani.

Najua unaijua barua ile, na najua nani aliyekupa kwanza, usinikumbushe. Lakini isome tena polepole. Belinsky aliiandika Julai 1847 akiwa Salzbrunn, mji wa chemchemi za tiba, alikokwenda kutibiwa kifua kikuu. Gogol, yule yule aliyewachekesha watu kwa tamthilia ya mkaguzi wa uongo, alikuwa ametoa kitabu cha mawaidha, anamfundisha bwana mwenye ardhi namna ya kusema na watu anaowamiliki. Mgonjwa akamjibu kwamba Urusi imeshiba mahubiri na sala, inachokosa ni watu kuamka na kuhisi utu wao. Kisha akataja anachotaka: utumwa ule ufutwe, viboko viondolewe, na sheria zishikwe, angalau zile zilizopo. Angalau zile zilizopo! Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Kama angedai mbingu wangemcheka. Alidai kile ambacho serikali yenyewe imeshakiandika kwenye karatasi zake, na hilo ndilo lisilosameheka. Barua ikawa inanakiliwa kwa mkono, mtu kwa mtu, mpaka Herzen, mwandishi Mrusi aliyekuwa uhamishoni, alipoichapa London mwaka 1855.

Belinsky alikufa 1848 na kifua chake, serikali haikumwahi. Ikamwahi msomaji, Dostoevsky. Miezi minane ngomeni, kisha tarehe 22 Desemba yeye na wenzake wakapelekwa uwanja wa Semyonovsky kupigwa risasi, wakavishwa mashuka meupe ya wafu juu ya theluji. Watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo. Dostoevsky alikuwa katika watatu wanaofuata. Bunduki zimeshainuliwa ndipo ngoma ikapigwa na msamaha wa Tsar, mfalme wao, ukasomwa, msamaha uliokuwa umeandaliwa tangu mwanzo. Grigoriev, mmoja wa wale wa nguzoni, akili haikurudi. Dostoevsky akaenda gerezani Omsk, Siberia, miaka minne na pingu za miguuni. Alikuwa na miaka 28. Wewe ukiongeza mitano tu.

Usiniambie nyakati ni nyingine. Mko wangapi?

Insha yako juu ya Chaadaev, yule mwanafikra aliyeikosoa Urusi, nimeisoma mara mbili, na ukurasa mmoja nimemsomea mwalimu mkuu wetu wa zamani aliyekuja kutazama kuku. Umeandika vizuri. Pale unaposema kwamba mwaka 1836 ilikuwa rahisi kumtangaza mtu mwendawazimu na kumpelekea daktari nyumbani kuliko kumjibu hoja, pale nilifurahi. Lakini mbona unawadharau wale wa upande wa pili, waliosema Urusi ifuate njia zake? Kireevsky hakuwa mjinga. Unajua jarida lake ambalo Tsar alilifunga mwaka 1832 liliitwaje? Mtu wa Ulaya! Na huyo ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya Waslavofili, hao hao wa njia za Urusi. Watu hugeuka, baba. Dostoevsky mwenyewe alikuja kumsema Belinsky vibaya, yule yule aliyemsifu mwanzoni.

Na kwa kuwa umefikia kwa Turgenev: Bazarov, yule kijana wa riwaya yake, alikaa miaka mitatu bila kufika kwao, akaja, akakaa siku tatu. Baba yake akajizuia ndani ya nyumba yake mwenyewe asije akamsumbua. Wewe Agosti ulikaa siku tisa, saba uko na simu. Nimehesabu.

Kuhusu yule asiyebishana. Simaanishi ni mtu mbaya. Mwaka wangu wa pili wa masomo Leningrad, enzi za Kisovieti, mwenzangu wa chumba alikuwa na karatasi zilizokatazwa, zimepigwa chapa, anazilaza chini ya godoro. Mtu mmoja mwenye adabu sana akaniuliza kijiswali wakati wa chai. Nami nilikuwa nimengoja nafasi ile ya masomo miaka miwili, na nyumbani wanangoja. Sikusema uongo, wala sikuulizwa mengi. Tuliporudi likizo kitanda chake kimetandikwa shuka mpya. Nilikuwa nasikiliza vizuri siku zile, walimu wote walinisifu.

Godoro la chumba chako nimelipeleka kwa fundi alishindilie sufi upya, panya walishaingia. Tangi la maji bado linavuja, fundi amekula fedha ya kwanza anataka ya pili. Mpangaji wa chumba cha mbele anadaiwa miezi miwili na kila asubuhi ananiamkia kwa heshima hata nashindwa kumdai. Mdogo wako anataka kusoma uhasibu, nimeshukuru Mungu.

Viatu vya baridi nunua vikubwa kidogo, uvae soksi mbili. Korosho ni pakiti mbili, moja ni ya yule mama wa maktaba aliyekusaidia, usizile zote. Ukinijibu, andika idadi tu. Majina usiniandikie.

Mama yako