Kisanduku Kilichobaki Kitupu: Risala ya Wahitimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mafumbo ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa walimu wetu,
Wahitimu wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umefika mwenyewe, hukutuma mwakilishi, na kwetu hilo ni jambo kubwa, maana wewe nawe ulilala katika mabweni haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mara moja kwa mwaka umoja wetu hukutana kufumbua mafumbo yanayotokana na maisha ya chuoni: jedwali la maneno, vitendawili, picha za zamani, na msako wa kuzunguka majengo kwa miguu. Wapo wanaotuuliza kwa nini watu wazima wenye kazi na familia watoe siku nzima kwa ajili ya mchezo. Tunaomba tuwajibu kwa kisa cha mwaka jana.

Katika jedwali letu, wima namba 7, palikuwa na kidokezo hiki: "Kona ya maktaba ya wasiolala." Visanduku vilikuwa saba. Vijana waliohitimu karibuni waliandika GIZANI bila kusita, kwa kuwa ndivyo walivyoiita kona ile miaka yao yote hapa. Herufi sita. Kisanduku kimoja kikabaki kitupu. Wakahesabu upya, wakadhani mtunzi amekosea. Mmoja wao akainuka, akaenda meza ya wakubwa, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akisafisha miwani yake. Mama akacheka, akamwambia, "Mwanangu, hiyo ni MACHWEO."

Ndipo akaeleza. Enzi zao kona ile ilikuwa na dirisha pana la upande wa magharibi. Jua likielekea kuzama, mwanga ulitambaa juu ya meza hadi kwenye kurasa. Waliokaa pale walikuwa na desturi yao: kila mmoja hufunga daftari na kunyamaza mpaka jua lipotee, kisha husoma hadi usiku wa manane. Baadaye likajengwa jengo la maabara mbele ya dirisha. Mwanga ukakatika, desturi ikafa, na jina nalo likabadilika. Hakuna kumbukumbu yoyote ya chuo iliyoandika habari hiyo. Tumeipata kwa sababu herufi moja ilipungua.

Huko Salamanca, Hispania, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1218, kuna chura mdogo aliyechongwa juu ya fuvu kwenye ukuta wa mbele, katikati ya nakshi nyingi za mawe. Husemwa kwamba mwanafunzi anayemwona bila kuonyeshwa atafaulu mitihani yake. Tunawaonea wivu wenzetu hao, na tunasema hivyo kwa moyo mweupe. Fumbo lao limo ukutani na litamngoja yeyote ajaye. Desturi zetu sisi zimo vichwani mwa watu, na watu wanaondoka.

Kutoka chuo cha MIT, Marekani, tumeazima kanuni. Tangu mwaka 1981 hufanya msako mkubwa wa mafumbo kila Januari, wakitafuta sarafu iliyofichwa chuoni, na timu inayoshinda hupewa kazi ya kutunga msako wa mwaka unaofuata. Nasi tunafanya vivyo hivyo, ila tumeongeza sharti letu: kila timu iwe na wahitimu wa rika tatu tofauti. Bila hivyo, vijana wasingeinuka kwenda meza ya wakubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tumelazimika kuondoa mafumbo manne kwa kukosa mtu wa kuthibitisha majibu. Wawili ambao tungewauliza tumewazika tangu tulipokutana mara ya mwisho. Mwenyezi Mungu awapumzishe kwa amani.

Kwa hiyo tuna ombi kwako. Kuna masanduku ya picha na ramani za majengo ya zamani yaliyofungiwa stoo, na unyevu unayala. Tunakuomba utusemee kwa uongozi wa chuo ili yafunguliwe, nasi tutajitolea kukaa na wazee wetu, picha moja baada ya nyingine, tukiandika majina nyuma yake.

La mwisho linakuhusu wewe binafsi. Mezani mbele yako tumeweka picha moja. Ina wanafunzi kumi na mmoja wamesimama kwenye ngazi za ukumbi wa mitihani, kila mmoja ameshika kiatu kimoja mkononi, na wote wanacheka. Nyuma umeandikwa mwaka tu, nao ni mwaka wako wa pili hapa. Tumeizungusha kwa wahitimu wote waliopo leo, hakuna aliyejua. Kabla hujatuhutubia, tunakuomba uitazame vizuri, utuambie viatu vile vilikuwa vya nini.

Tunaomba kuwasilisha.