Shoga yangu, usitie saini kwanza

Unguja, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mie sijambo, alhamdulillah, ni joto tu na umeme wa kukatika. Natumai nyote hapo Tumbe, Pemba, hamjambo, na bibi magoti yamempungua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Yule wakala wa mwani aliyekupeni kamba na tai-tai, vile vikamba vya kufungia miche, amerudi na karatasi ya Kiingereza, kurasa mbili, anataka mutie saini kabla ya bamvua lijalo. Umeniuliza kama ni lazima. Mie nasoma somo moja tu la sheria ya biashara, mwaka wa kwanza, wala si wakili. Lakini wiki sita hizi darasani ni mikataba tu, na swali lako limenikuta humo humo.

Kwanza ujue kwamba mkataba mushafunga. Mulifunga siku mulipozipokea zile kamba ufukweni mukakubaliana mwani mutamuuzia yeye. Yeye alitoa pendekezo, nyinyi mukakubali, kila upande ukatoa kitu: yeye vifaa, nyinyi ahadi ya mwani. Sheria haisemi lazima kuwe na karatasi, ila kwa mambo maalumu. Inataka mtu mwenye akili timamu na umri wa kutosha, aliyeridhika kwa hiari yake bila kutishwa wala kudanganywa, na jambo lenyewe liwe la halali. Hata mdomo hauna haja ya kutamka "nimekubali". Maalim wetu wa sheria alitupa kesi ya bibi mmoja wa London, Bi Carlill. Kampuni ilitangaza gazetini kuwa atakayetumia dawa yake ya kuvuta puani kama ilivyoelekezwa, kisha akapata mafua makali, atalipwa pauni 100. Bibi akatumia mara tatu kwa siku, mafua yakampata. Kampuni ikasema hajatuandikia kuwa amekubali. Mwaka 1892 mahakama ya rufaa ikasema kule kuitumia ndiko kukubali kwenyewe, akalipwa.

Siku hiyo, shoga, sikuandika tena. Nilikuwa nafikiri mikarafuu ya mama.

Unaikumbuka ile miti 17 ya Mtambwe aliyoikodisha msimu mmoja, sie tuko darasa la saba? Mkodi alilipa nusu, nusu ya pili akaahidi karafuu zikishakauka. Walikubaliana barazani, jirani yetu amekaa pale anachambua mchele. Mama akachukua ukili, ule msuko wa kusukia mikeka, akenda akafunga kipande kwenye kila shina lililokodishwa, ili wachumaji wasivuke wakaingia kwenye miti ya ami. Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikauzwa. Bwana yule akaja kusema mvua imemharibia, hana cha kutoa, na kwamba "hatukuandikiana kitu". Mama akanyamaza. Mie nikakua nikiamini kwamba bila karatasi hana haki, na kwamba alikosea mwenyewe.

Nilimnyooshea maalim mkono, nikamweleza bila kumtaja mtu. Akaniuliza miti ilikuwa mingapi, bei walitaja, na nani alisikia. Nikamjibu yote. Akasema huo ni mkataba kamili, kilichobaki ni ushahidi, na ushahidi upo: jirani, ile nusu iliyolipwa, na ule ukili kwenye mashina. Nikampigia mama jioni ile ile nikiwa bado kwenye daladala. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mie nilijua tangu siku ile kuwa ni haki yangu. Nilikuwa sina wa kwenda naye." Nimelia hadi Mwanakwerekwe.

Kwa hiyo sikuandikii haya kwa ajili ya mtihani. Nataka wewe uwe na wa kwenda naye.

Sasa hiyo karatasi. Kuandikiana ni jambo jema, wala usilikatae. Sie tumeisoma aya ya deni katika chuo cha Kurani, ile ya 282 katika Al-Baqara, ndefu kuliko zote, tukashindana nani ataimaliza kwa pumzi chache. Mungu anatuambia tusichoke kuandika, kikiwa kidogo au kikubwa, pamoja na muda wake, na tushuhudishe. Hofu yangu ni kutia saini kwenye usichokisoma. Mwaka 1934 Uingereza kulikuwa na bibi mwenye mkahawa mji wa Llandudno, Bi L'Estrange. Alinunua mashine ya kuuzia sigara, akatia saini fomu ya karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo sana, asiyasome. Mashine ikakwama baada ya siku chache. Alipokwenda mahakamani akaonyeshwa yale maandishi madogo: muuzaji ameiondoa dhamana yote. Majaji wakasema ukishatia saini, na hukudanganywa, umefungwa, umesoma hukusoma. Kesi hii imenisumbua kuliko zote. Sioni haki ndani yake, lakini ndivyo ilivyo.

Angalia hilo neno, *hukudanganywa*. Wakala akikwambieni kwa Kiswahili kitu kimoja na karatasi ikasema kingine, hapo pana upotoshaji, na mkataba uliopatikana kwa upotoshaji unaweza kuuvunja. Ndiyo maana nataka aisome yote kwa Kiswahili mbele ya wanawake wote wa kikundi, sheha, kiongozi wenu wa shehia, awepo akiwezekana, na mmoja wenu aandike anayoyasema.

Yale mawili ya kwenye karatasi yaliyokutisha nimeyauliza. La kwanza, kumuuzia yeye peke yake: sheria haikubali mtu afungwe asifanye kabisa biashara yake ya halali, lakini kuahidi kumuuzia mnunuzi mmoja kwa muda unaojulikana ni jambo jingine, hilo mara nyingi husimama. Basi muulize: mpaka lini? Na bei ya kilo ya mwani mkavu itawekwa na nani, siku gani, kwa mizani ya nani? Karatasi isiyojibu hayo inakufungeni nyinyi, yeye inamwacha huru. La pili, ile laki tano ya faini mukiuza kwingine. Usiione kama lazima itatoka yote. Mkataba ukivunjwa, mahakama humpa aliyevunjiwa fidia ya haki, na haizidi kiasi kilichoandikwa. Sasa kamba na tai-tai za mtu mmoja zinafika laki tano, kweli? Hilo mwambieni alipunguze kabla, kuliko kuja kubishania baadaye.

Sheria ya mikataba inayotuhusu huku ni yetu, Sura ya 149 ya sheria za Zanzibar. Bara wana yao, Sura ya 345. Zote mbili zimetokana na sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana kesi za huko na za Uingereza zinatufikia mpaka hapa. Nimeichapisha ya kwetu, nitaitia kwenye bahasha hii, mistari muhimu nimeipigia wino mwekundu na tafsiri yangu pembeni.

Usimrejeshee kamba kwa hasira, mwani wako ushashika na wiki sita za kufikia mavuno si nyingi. Mwambie tu kwamba unataka siku tatu za kusoma. Mtu mwenye nia njema hakatai siku tatu. Zipige picha kurasa zote mbili, mbele na nyuma, na yale maandishi madogo ya chini uyasogelee mpaka yasomeke, unitumie kabla ya Jumatano. Alkhamisi maalim yupo baada ya kipindi, nimeshamwomba, amesema niende nazo.

Msalimie mumeo na wabusu watoto. Mama anakusalimu sana, anasema ule ukili mmoja bado uko kwenye mkarafuu wa karibu na kisima, umeingia ndani ya gome.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mtambwe