Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dodoma

Ndugu wanachama,

Karibuni. Habari za ada na wanachama wapya ataziwasilisha Katibu. Mimi nitazungumzia upimaji wa udongo, kazi iliyobeba sehemu kubwa ya mwaka wetu.

Uchunguzi wa kijiolojia umeonyesha kuwa kuna urani, madini yenye mionzi, karibu na uso wa ardhi katika mabonde ya Bahi na Manyoni. Kwa sababu hiyo walimu wetu huulizwa na wanafunzi, na wazazi pia, kama mashamba ya mpunga ni salama. Ni swali la haki kabisa. Wanastahili kujibiwa kwa vipimo.

Tatizo ni kwamba urani-238, ambayo nusumaisha yake (muda wa nusu ya viini vyake kuoza) ni miaka bilioni 4.5, yenyewe hutoa miali ya gama hafifu mno. Tunachopima ni vizazi vyake, yaani elementi zinazozaliwa urani inapooza, hasa risasi-214 kwenye 352 keV (kipimo cha nishati ya mwali) na bismuthi-214 kwenye 609 keV. Kwa usahihi zaidi, mwali huo wa 609 hutoka kwenye poloniamu-214: bismuthi ikishatoa beta (elektroni ya kasi), kiini kipya huzaliwa kikiwa na nishati ya ziada, kisha hushuka ngazi na kuitoa kama gama. Vivyo hivyo, 662 keV tunayoihesabu kwa jina la sesiamu-137 hutolewa na kiini cha bari-137. Naomba walimu mlifundishe jambo hili bila kulipunguza, maana ngazi hizo za nishati ndizo zinazotuwezesha kutambua kiini kimoja na kingine.

Katikati ya radi-226 (elementi ya radiamu, nayo ni kizazi cha urani) na vizazi hivyo kuna radoni-222, ambayo ni gesi yenye nusumaisha ya siku 3.8. Udongo ukikaushwa na kusagwa, sehemu ya gesi hiyo hutoroka. Ndiyo sababu kila mkebe wetu wa sampuli ya udongo huzibwa kwa utepe mpaka kwenye ukingo wa kifuniko, huandikwa tarehe, na kuachwa kwa wiki nne. Muda huo ukitimia, radoni na vizazi vyake huwa vimerudi kwa zaidi ya asilimia 99. Mkebe ukipimwa mapema huonyesha udongo safi kuliko ulivyo, na huko ni kumdanganya mkulima. Najua wapo waliotaka majibu ya haraka. Kamati ilikataa, nami naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote.

Subira hiyo inahitajika pia wakati wa kuhesabu. Mapigo 100, yaani miali 100 iliyonaswa na kifaa, yana shaka ya asilimia 10; ili ishuke hadi asilimia 1 tunahitaji mapigo 10,000. Kwa hiyo kifaa huachwa kikihesabu usiku kucha, na umeme ukikatika kazi huanza upya. Betri ya akiba haikwepeki.

Jambo la mwisho ni kuta za chumba chetu. Zege lina potasi-40, ambayo pia hutoa gama, na kilele chake cha 1461 keV hujitokeza kwenye skrini hata kama hakuna mkebe wowote mezani. Bila kinga ya matofali ya risasi tutaendelea kupima jengo pamoja na udongo. Matofali na betri vimo kwenye makadirio ambayo Mhazini anawasilisha sasa. Naomba mkutano uyapitishe.