Kabla ya inchi, angalia dirisha

Mhariri,

Mimi ni fundi wa runinga Mwembe Tayari. Huniuma kuona mtu akitoa akiba ya miaka dukani na swali lake ni moja tu: inchi ngapi?

Aanze na dirisha. Nyumba nyingi za Nyali zina madirisha mapana, mchana mwanga umejaa sebuleni. Runinga ya OLED, ambayo kila pikseli (nukta ya picha) hujiwasha na kujizima yenyewe, hutoa weusi usio na kifani usiku. Lakini kwa sebule kama hiyo, Mini LED, yenye taa ndogo ndogo nyingi nyuma ya skrini na mwanga mkali, itamfaa zaidi. OLED nampendekezea mwenye chumba cha kivuli kule Mji wa Kale. Ila kama nyumbani kuna mzee anayewasha stesheni moja ya habari kutwa, simshauri, maana nembo ikikaa pale pale miezi na miezi huweza kuacha alama kwenye skrini.

Ukubwa? Ukikaa mita mbili, inchi 55 zatosha kabisa.

Runinga za 8K, zile za picha yenye nukta nyingi kupindukia, ziacheni. Matangazo yetu ya kawaida hayafiki hata 4K, daraja lililo chini yake, hizo pesa nunueni spika nzuri na stabilaiza. Runinga isikae dirishani panapopiga upepo wa bahari, chumvi hula saketi.

Nanyi wenye maduka, tafadhali mwonyesheni mteja taarifa ya habari au mpira, si zile video za samaki wa rangi kali, aone atakachokiona nyumbani kwake.

Fundi wa runinga,
Mwembe Tayari, Mombasa